Pete Ham: Alichumia Juani, Wakala Wengine

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kuitenga kazi na msanii wake. Wimbo ukishatolewa hushika njia yake, na aliyeutunga hubaki nyuma. Hata hivyo, ni nadra umbali huo kuwa mkubwa kama ulivyokuwa katika maisha ya Pete Ham, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Badfinger. Wimbo alioshiriki kuutunga umeimbwa pembe nyingi za dunia, aghalabu na watu wasiolijua jina lake. Yeye mwenyewe alifariki akiwa na umri wa miaka 27, hana fedha na amekata tamaa. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha hayo kwa ufupi na, papo hapo, kumfungulia mlango msomaji aliye mgeni katika aina ya muziki ambayo Ham alisaidia kuijenga.

Aina hiyo huitwa pawapopu. Sifa zake bainifu ni magitaa ya umeme yenye mngurumo, ngoma za kishindo, tuni inayonata akilini na waimbaji wanaopatanisha sauti za juu na za chini. Mizizi yake imo katika bendi za Uingereza za miaka ya 1960, hasa The Beatles na The Who. Nyimbo zake nyingi ni fupi, na maudhui yake makuu ni mapenzi. Ufupi huo humtaka mtunzi awe na nidhamu isiyo mbali na ile ya mshairi wa kimapokeo: kila ubeti sharti umvute msikilizaji kuelekea kiitikio, na hakuna neno la kupotezwa.

Peter William Ham alizaliwa tarehe 27 Aprili 1947 huko Swansea, mji wa bandari kusini mwa Wales. Katika ujana wake alijiunga na wenzake kuunda bendi iliyokuja kuitwa The Iveys, jina lililotokana na mtaa wa Ivey Place mjini humo. Mwaka 1966 vijana hao walihamia London, wakaishi pamoja katika nyumba moja na kutunga nyimbo kwa bidii. Mwaka uliofuata walijiunga na Tom Evans, kijana wa Liverpool ambaye hatima yake ingefungamana na ya Ham hadi mwisho. Mwaka 1968 walipata bahati ambayo wanamuziki wengi wa rika lao waliiota tu: walitia saini mkataba na Apple, kampuni ya The Beatles. Mwaka 1969 walibadilisha jina na kuwa Badfinger. Wimbo uliowatangaza, Come and Get It, walitungiwa na Paul McCartney.

Kuanzia hapo watu waliwaona kama kivuli cha The Beatles. Ham aliijibu dhana hiyo kwa kazi. Wimbo wake No Matter What wa mwaka 1970 uliingia katika kumi bora nchini Uingereza na Marekani, na hadi leo wapenzi wa pawapopu huutaja miongoni mwa misingi ya aina hiyo. Ulifuatwa na Day After Day mwaka 1971, uliosimamiwa studioni na George Harrison, kisha Baby Blue, uliotamba Marekani mwaka 1972. Tarehe 1 Agosti 1971, katika tamasha la kuwachangia wahanga wa Bangladesh jijini New York, Ham alisimama kando ya Harrison, wawili hao wakiwa na magitaa yao, mbele ya umati mkubwa.

Wimbo uliomzidi umri ni Without You. Ham alikuwa na beti zisizokuwa na kiitikio cha kuridhisha. Evans alikuwa na kiitikio kisichokuwa na beti. Waliviunga vipande hivyo viwili wakapata wimbo mmoja, wakautia katika albamu ya No Dice ya mwaka 1970, pasipo kuufanya kuwa wimbo wa kutangulizwa sokoni. Mwimbaji wa Marekani Harry Nilsson aliusikia, akaurekodi, na mwaka 1972 ukashika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Mwaka 1994 Mariah Carey aliufufua kwa kizazi kingine.

Swali la msingi ni hili: mavuno yalikwenda wapi? Mwaka 1970 bendi ilikuwa imemkabidhi Stan Polley, meneja wa New York, usimamizi wa fedha zake. Mapato yalipitia katika kampuni alizozidhibiti yeye, nao wanamuziki wakawa wanalipwa mshahara mdogo kutoka katika jasho lao wenyewe. Walipohamia kampuni ya Warner Bros., fedha za utangulizi ziliwekwa katika akaunti ya amana. Mwaka 1974 kampuni hiyo ilishindwa kupata maelezo ya fedha hizo zilipo, ikaenda mahakamani, na albamu yao mpya, Wish You Were Here, ikaondolewa madukani muda mfupi baada ya kutoka. Mishahara ikakatika. Ham alikuwa na nyumba ya kulipia, na mwenzi wake alikuwa mjamzito. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga; Ham alikuwa miongoni mwa waliochelewa kuliamini jambo hilo, kwani kwa muda mrefu alimtetea meneja huyo mbele ya wenzake.

Tarehe 24 Aprili 1975, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28, alijitoa uhai nyumbani kwake Surrey. Binti yake alizaliwa takriban mwezi mmoja baadaye. Tom Evans naye, akiwa bado amezongwa na mizozo ya fedha, alijitoa uhai mwezi Novemba 1983. Watunzi wote wawili wa wimbo uliowatajirisha wengine waliondoka kwa njia moja.

Mwaka 2013 mji wa Swansea ulimwekea Ham bamba la kumbukumbu. Mwaka huohuo Baby Blue ulifunga kipindi cha mwisho cha tamthilia ya televisheni ya Marekani, Breaking Bad, na wasikilizaji waliozaliwa baada ya kifo chake wakaanza kuutafuta.

Msomaji anayetaka kuujua muziki huu na aanze na No Matter What apate nguvu yake, aendelee na Baby Blue apate huzuni iliyofichwa ndani ya tuni changamfu, kisha asikilize Without You kama ilivyoimbwa na wenyewe, bila madoido. Hata hivyo, asiishie kwenye sauti. Sisi wahakiki tumezoea kuchambua vina, mizani na tamathali, tukaliacha suala la mkataba kwa mawakili. Maisha ya Ham yanaonyesha kwamba mkataba nao ni sehemu ya historia ya kazi ya sanaa, kwa kuwa ndio unaoamua kama mtunzi ataishi kuitunga kazi ya pili.