Alaric na deni la Warumi

Tangu skuli nilizoea kumsikia Alaric, mfalme wa Wagothi, akitajwa kuwa mshenzi aliyeuteka mji wa Roma. Nilipokaa kuyasoma maisha yake, niliona kisa kingine: cha watu walioahidiwa, kisha wakazungushwa.

Inakisiwa alizaliwa karibu na mwaka 370. Alikuwa mtoto mwaka 376, Wagothi kwa maelfu walipowakimbia Wahun, wakavuka mto Danube kuomba hifadhi. Kaisari Valens aliwakubalia, lakini maofisa wake wakawauzia wenye njaa nyama ya mbwa, na malipo yakawa watoto wao kuchukuliwa utumwani. Vita vikazuka, na mwaka 378 Valens akauawa karibu na Adrianople. Mwaka 382 wakapatana: Wagothi wapewe ardhi, nao watoe askari.

Alaric alitimiza upande wake. Mwaka 394 aliongoza Wagothi kumpigania Kaisari Theodosius kwenye mto Frigidus. Walitangulizwa mbele, wakafa kwa maelfu. Kaisari akashinda, Alaric asipate cheo alichokitarajia. Mwaka uliofuata akaasi.

Mwaka 408 Kaisari Honorius alimuua jemadari wake mwenyewe, Stilicho. Kisha askari wa Kirumi wakawachinja wake na watoto wa askari wa kigeni waliokuwa wakiitumikia dola. Waliofiwa wakamkimbilia Alaric kwa maelfu. Mimi nasema serikali yenyewe ndiyo iliyomjazia jeshi.

Akauzingira mji wa Roma. Ili aondoke, alilipwa ratili 5,000 za dhahabu, ratili 30,000 za fedha, kanzu 4,000 za hariri na ratili 3,000 za pilipili manga. Pilipili hiyo asili yake ni India, na majahazi yaliivusha kwa pepo za msimu katika bahari hii yetu.

Hata hapo hakuutaka mji. Alipunguza madai yake hadi eneo la mpakani la Noricum na nafaka ya kila mwaka. Honorius, aliyejificha Ravenna nyuma ya vinamasi, akakataa.

Tarehe 24 Agosti 410 Wagothi waliingia Roma, wakapora siku tatu. Waliokimbilia makanisa ya Petro na Paulo walinusurika. Simtakasi Alaric: wengi waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka, na wengi wao hawakuwa na hatia yoyote. Mwaka huohuo alifariki kusini mwa Italia, baada ya kushindwa kuvuka kwenda Afrika.

Mwaka 418 Wagothi walipewa makao kusini-magharibi mwa Gallia, nchi tunayoiita leo Ufaransa. Aliyewapa ni Honorius yuleyule. Kumbe ardhi ilikuwapo siku zote. Wahenga wetu walishatwambia: ahadi ni deni. Deni hili lililipwa, lakini waliolipa kwanza ni raia wa Roma, ambao hawakukopa chochote.