Mtakatifu Teresa wa Avila, Msomaji Aliyeondolewa Vitabu Vyake

Mwaka 1559, Askofu Mkuu Fernando de Valdés, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Uchunguzi wa Imani nchini Hispania, alitangaza orodha ya vitabu ambavyo waamini walikatazwa kuvisoma na hata kuvihifadhi nyumbani. Hofu ya siku zile ilikuwa kubwa. Mafundisho ya Luther yalikuwa yameenea Ulaya, na watu waliodhaniwa kuyafuata walikuwa wamegunduliwa katika miji ya Valladolid na Sevilla. Lakini orodha ile haikuishia kwenye vitabu vya wazushi. Ilikumba pia vitabu vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania, vikiwemo vya Luis wa Granada, Mdominiko, na vya padre Yohane wa Avila, ambaye leo ni mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Aliyejua Kilatini bado alikuwa na mengi ya kusoma. Asiyekijua alibaki mikono mitupu.

Katika monasteri ya Umwilisho mjini Avila alikuwamo mtawa wa Karmeli mwenye umri wa miaka 44, asiyejua Kilatini, ambaye tangu utoto wake hakuweza kuishi bila kitabu. Ndiye Teresa, ambaye Kanisa humwadhimisha kila tarehe 15 Oktoba. Twamfahamu kama mwanamke wa sala na mrekebishaji wa Shirika la Karmeli. Hapa tumtazame kama msomaji.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1515. Baba yake, Alonso de Cepeda, alikuwa mtu makini aliyependa vitabu vizuri, naye aliviweka nyumbani ili watoto wake wavisome. Mama yake, Beatriz de Ahumada, aliyekuwa akiugua mara kwa mara, alipenda hadithi za mashujaa wapanda farasi, zilizojaa vita, mapenzi na maajabu, ambazo wakati ule zilisomwa kote Hispania. Don Alonso hakuzipenda hata kidogo. Kwa hiyo mama na watoto walizisoma kwa kificho. Teresa mwenyewe aliungama baadaye kwamba alitumia saa nyingi za mchana na za usiku katika usomaji huo akimficha baba yake, na kwamba hakuwa na raha asipokuwa na kitabu kipya mkononi. Wazazi wa leo wanaohangaika na simu za vijana wao watamwelewa Don Alonso bila shida.

Hadithi hizo hazikuwa za kwanza kumteka. Akiwa na umri wa miaka kama saba, alikuwa amesoma maisha ya watakatifu pamoja na kaka yake Rodrigo, wakaona kwamba wafiadini waliupata uzima wa milele kwa bei nafuu mno. Basi wakatoroka nyumbani wakielekea nchi ya Waislamu ili wakakatwe vichwa. Ndugu wa baba yao aliwakuta njiani akawarudisha. Francisco de Ribera, Mjesuiti aliyeandika habari za maisha yake mapema kabisa, anasimulia pia kwamba baadaye ndugu hao wawili walitunga hadithi yao wenyewe ya mashujaa. Ndivyo alivyokuwa Teresa: hakusoma jambo akaliacha kwenye karatasi. Alichokisoma alitaka kukitenda, au angalau kukiandika.

Mama yake alifariki Teresa akiwa bado msichana mdogo. Alipofikia umri wa kuchagua njia ya maisha, alipita kwa baba yake mdogo, Pedro de Cepeda, mjane aliyeishi peke yake kijijini na aliyemwomba amsomee vitabu vya kiroho kwa sauti. Teresa hakuvipenda, ila kwa adabu alijifanya kuvifurahia. Vikamwingia hata hivyo. Muda si mrefu, barua za Mtakatifu Yeronimo ndizo zilizompa ujasiri wa kumwambia baba yake kwamba anataka kuwa mtawa. Baba alikataa. Mwezi Novemba 1535 Teresa aliingia monasterini bila idhini yake.

Miaka michache baadaye aliugua vibaya. Akiwa safarini kutafuta tiba, Pedro yule yule alimpa kitabu cha Francisco de Osuna, Mfransisko, kiitwacho Alfabeti ya Tatu ya Kiroho, kinachofundisha sala ya ndani. Hakuwa na mwalimu, basi alikifanya kitabu hicho kuwa mwalimu wake. Ugonjwa ulizidi hadi akadhaniwa amekufa. Kaburi lilichimbwa, naye alizinduka baada ya siku kama nne, kisha akakaa karibu miaka mitatu akiwa amepooza. Katika mateso hayo alijifunza subira kutoka katika maelezo ya Mtakatifu Gregori Mkuu juu ya kitabu cha Ayubu, aliyokuwa ameyasoma kabla.

Sasa tufike kwenye tabia yake ambayo huenda ikawafariji wengi wetu tunaosinzia au kutangatanga kimawazo tunaposali. Kwa muda wa miaka 18, isipokuwa baada ya kupokea Komunyo, Teresa hakuthubutu kuanza sala bila kitabu. Aliogopa kusali bila hicho kama mtu anayekwenda kupigana na jeshi zima peke yake. Kitabu kilikuwa mwenzi wake na ngao yake dhidi ya mawazo yaliyotawanyika. Mara nyingine alisoma kidogo, mara nyingine kirefu. Na mara nyingi hakusoma kabisa, kwa kuwa kule kukifungua tu kulitosha kuikusanya roho yake. Hakuwa na kipaji cha kujichorea mambo akilini, jambo ambalo wengine hulifanya kwa urahisi wanapotafakari Injili. Ndiyo sababu alipenda pia picha takatifu na mandhari ya mashamba, maji na maua, akisema kwamba hayo nayo yalimsaidia kama kitabu.

Mwaka 1554 alipewa Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Alipofika mahali ambapo Augustino anaisikia ile sauti bustanini, aliona kana kwamba ni yeye anayeitwa, akalia kwa muda mrefu. Tangu hapo maisha yake yakabadilika.

Alikuwa pia na desturi ya kutia alama mistari iliyomgusa. Alipoanza kupata neema za pekee katika sala na kushindwa kuzieleza, alichukua kitabu cha Bernardino de Laredo, akapiga mistari mahali palipofanana na hali yake, akawapa watu wawili wema wa Avila, padre mmoja na mlei mmoja. Wakasoma, wakashauriana, wakamjibu kwamba kwa maoni yao mambo hayo yanatoka kwa shetani. Tunaweza kufikiri ni machozi kiasi gani yaliyomwagika siku hiyo. Hapo ndipo alipozidi kuwa na msimamo alioushika hadi kufa: muungamishi awe msomi. Mtu mwema asiye na elimu, alisisitiza, aweza kumdhuru mtu anayesali.

Ndipo ikaja orodha ya mwaka 1559. Teresa alihuzunika sana, kwani baadhi ya vitabu vilivyokatazwa vilikuwa burudani yake. Anaeleza kwamba katika huzuni hiyo Bwana alimwambia asisikitike, kwa kuwa angempa kitabu kilicho hai. Hakuelewa maana yake. Siku chache baadaye alianza kuelewa, alipomwona Kristo mwenyewe katika sala, na tangu wakati huo hakuwa na haja kubwa ya vitabu.

Wengi hukomea hapo, kana kwamba baada ya maono yale msomaji alikwisha. Sivyo. Mwaka 1562 alianzisha monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu, na katika katiba ya watawa wake aliagiza kwamba mama mkuu ahakikishe kuna vitabu vizuri: Maisha ya Kristo, maisha ya watakatifu, Kumfuasa Yesu Kristo, na vile vya Luis wa Granada, ambavyo baada ya kusahihishwa vilikuwa vimeruhusiwa tena. Aliviona ni chakula cha lazima kwa roho, kama mkate kwa mwili. Na kwa kuwa mabinti zake nao hawakujua Kilatini, aliwaandikia mwenyewe Njia ya Ukamilifu, akiujenga mafundisho yake juu ya Sala ya Bwana. Katika andiko la kwanza aliwatuliza kwamba hakuna atakayeweza kuwanyang'anya Baba Yetu na Salamu Maria. Padre aliyelikagua aliandika pembeni kwamba maneno hayo yaonekana kuwakaripia wachunguzi wa imani. Katika andiko la pili hayamo.

Alijua, basi, mipaka ilikuwa wapi. Wasimulizi wa kale wanaeleza kwamba msichana mmoja wa Toledo, aliyekuwa karibu kupokewa utawani, alitaja kwamba angekuja na Biblia yake. Teresa akamwambia asije kabisa. Kwetu leo jibu hilo ni gumu kumeza. Lakini Biblia kwa Kihispania ilikuwa imekatazwa, na nyumba nzima ingeweza kuangamia kwa kitabu kimoja.

Mwenyewe aliandika kama alivyozungumza: haraka, bila vituo, bila kurudia kusoma. Barua zake zilizobaki ni zaidi ya 400, nyingi zikiandikwa usiku, hadi daktari akamkataza kupita saa sita. Ndani yake mna mambo ya Mungu pamoja na madeni, dawa, samaki, na hata nazi aliyotumiwa kutoka Sevilla.

Alipoandika tafakari juu ya Wimbo Ulio Bora, muungamishi wake Diego de Yanguas alimwamuru achome maandishi hayo, akihofia mwanamke kueleza kitabu hicho. Aliyatia motoni papo hapo. Yamebaki kwetu kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kufika mikononi mwa wengine. Kitabu cha Maisha yake nacho kilishtakiwa mwaka 1575, kikachukuliwa na Baraza la Uchunguzi. Mdominiko Domingo Báñez alikitolea ripoti nzuri, ila hakikurudishwa. Mwaka 1577 padre Gracián alimshauri aandike kingine badala yake. Akiwa na umri wa miaka 62, kichwa kikimvuma kwa maumivu, aliandika Ngome ya Ndani.

Alifariki Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Kwa marekebisho ya kalenda ya Papa Gregori XIII, kesho yake ilikuwa tarehe 15. Hakuona hata kimoja kati ya vitabu vyake vikuu kikitoka kiwandani. Mwaka 1588 vilichapwa Salamanca, vikiwa vimeandaliwa na Luis de León, Mwagostino ambaye naye alikuwa amefungwa gerezani karibu miaka mitano, mojawapo ya makosa yake likiwa kuutafsiri Wimbo Ulio Bora kwa Kihispania. Mwandiko wenyewe wa Maisha uliombwa na Mfalme Filipo II, akauweka katika jumba lake la Escorial, pamoja na kitabu kilichoaminika kuwa kimeandikwa kwa mkono wa Mtakatifu Augustino.