Duke wa Abruzzi, mwanamfalme aliyeacha jina la malkia juu ya Ruwenzori

Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Kasindi kupokea mzigo wake hupita Beni, huvuka mto Semliki, na kuanzia hapo mlima Ruwenzori unakuwa upande wake wa kushoto. Siku nyingi hauoni, maana mawingu yameufunika. Mawingu yakiachia kidogo, weupe unatokea juu kabisa. Huko ndiko kiliko kilele cha Margherita, mita 5109, mahali pa juu kuliko pote katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Eneo hili limejaa majina ya wafalme wa Ulaya. Semliki inatoka ziwa Edouard na kumwaga maji yake katika ziwa Albert. Albert alikuwa mume wa malkia Victoria wa Uingereza, na Edouard alikuwa mtoto wao, kwa hiyo maji yanatoka kwa mtoto kwenda kwa baba. Margherita naye alikuwa malkia wa Italia. Ni yeye ambaye jina lake wengine wanalikuta kwenye pizza. Jina hilo lilipandishwa mlimani na mwanamfalme aliyeitwa Luigi Amedeo wa Savoia, Duke wa Abruzzi.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1873 mjini Madrid, katika jumba la wafalme wa Uhispania. Baba yake, Amedeo, hakuwa Mhispania. Alikuwa mtoto wa Vittorio Emanuele wa Pili, mfalme wa kwanza wa Italia iliyoungana, na bunge la Uhispania lilimchagua kuwa mfalme mwaka 1870 kwa sababu nchi ilikuwa imemfukuza malkia wake na haikuwa na mtu wa kukalia kiti. Ufalme huo ulianza na damu. Jenerali Prim, aliyempigania Amedeo zaidi ya wote, alipigwa risasi mjini Madrid na kufariki siku zilezile ambazo mfalme mpya alikuwa anashuka melini. Mwaka 1872 mfalme mwenyewe na mkewe walishambuliwa kwa risasi wakiwa ndani ya gari lao la farasi, wakaponea chupuchupu.

Tarehe 11 Februari 1873 Amedeo aliacha kiti na siku hiyohiyo Uhispania ikatangazwa kuwa jamhuri. Luigi alikuwa na siku 13. Familia ilitoka Madrid na mtoto mchanga mikononi, ikapitia Ureno, kisha ikarudi Italia. Mama yake alifariki mwaka 1876 akiwa na miaka 29 tu. Mtoto huyo wa tatu, asiye na mama wala matumaini ya kupata kiti cha ufalme, aliandikishwa katika jeshi la majini akiwa bado na miaka sita.

Baharini alipata kazi, na milimani akapata kile alichokipenda. Alianza na milima ya Alpi. Mwaka 1897, akiwa na miaka 24, alikwenda Alaska na kufika juu ya mlima Saint Elias, mita 5489, ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Miaka miwili baadaye alielekea kaskazini kabisa mwa dunia, katika bahari iliyoganda, kwa meli aliyoiita Stella Polare. Lengo lilikuwa kufika ncha ya kaskazini. Baridi ilimla vidole viwili, daktari akalazimika kuvikata, na Duke akabaki kambini. Rafiki yake, kapteni Umberto Cagni, ndiye aliyeongoza mbwa na sleji hadi nyuzi 86 na dakika 34, mbali kuliko mtu yeyote wa wakati huo. Watu watatu wa msafara huo walipotea kwenye barafu na hawakuonekana tena.

Wakati yeye yuko kwenye barafu, nyumbani kulitokea msiba mwingine. Tarehe 29 Julai 1900, mjini Monza, mfalme Umberto wa Kwanza, ndugu ya baba yake, alikuwa amepanda gari la farasi akitoka kwenye mashindano ya michezo. Gaetano Bresci, Mwitalia aliyekuwa amehamia Marekani na kurudi kwa kazi hiyo moja, alimpiga risasi na kumuua. Duke alizipata habari hizo alipofika Norway mwezi wa Septemba. Mjane wa mfalme huyo ndiye Margherita.

Malkia huyu naye alikuwa mtu wa milima. Mwaka 1893 alipanda mpaka nyumba ya wapanda mlima iliyojengwa kwenye mita 4554 juu ya Monte Rosa na kulala humo, akiwa malkia mwenye mavazi marefu ya zama zile. Duke alipojiandaa kwenda Afrika, alimpa bendera ndogo ya Italia aende nayo.

Ruwenzori ulikuwa umewashinda Wazungu kadhaa. Stanley alishuhudia theluji yake mwaka 1888, akitokea msitu wa Ituri. Mwaka uliofuata mwenzake Stairs alijaribu kupanda kwa upande wetu, akarudi alipofika kiasi cha mita 3200. Mjerumani Stuhlmann alipandia bonde la mto Butahu mwaka 1891 akafika juu zaidi, lakini hata yeye hakuigusa theluji. Kwa wenyeji haikuwa habari mpya. Wanande wa upande wa Beni na Wakonzo wa upande wa pili, ambao ni watu wa ukoo mmoja, waliijua theluji hiyo na kuiita nzururu, na walimjua Kitasamba, mwenye mlima.

Mwezi wa Aprili 1906 Duke aliondoka Napoli. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi ziwa Victoria, akavuka kwa meli hadi Entebbe, na kutoka hapo msafara ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal, na mamia ya wapagazi wakiwa na mizigo vichwani. Pamoja naye walikuwa Cagni yuleyule, daktari Cavalli Molinelli, mtaalamu wa mawe Roccati, mpiga picha Vittorio Sella, na waongozaji wa Alpi wakiongozwa na Joseph Petigax. Walifuata bonde la Mobuku kwenye matope na mvua isiyokatika, wakaweka kambi Bujongolo, chini ya jabali kubwa, karibu mita 3800. Wakonzo walibeba mizigo kwenye baridi hiyo bila viatu. Kati ya vilele vyote vilivyopewa majina baadaye, hakuna hata kimoja chenye jina la mpagazi.

Tarehe 18 Juni 1906 walianza kutembea asubuhi na mapema juu ya barafu. Kwanza walifika kwenye kilele kimoja cha pacha, na kutoka hapo wakaona kwamba cha pili kilikuwa juu kidogo. Ukungu ukashuka. Walitembea bila kuona mbele, mpaka wakakuta ukuta wa barafu, na juu yake barafu imejitokeza nje kama paa la nyumba, ikining'iniza vijiti vya barafu. Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Mmoja wa waongozaji, Ollier, alisimama imara chini, Petigax akapanda mabegani kwake, kisha kichwani, na viatu vyake vya misumari, akapata mahali pa kushika. Kamba ikashushwa, wengine wakavutwa. Walipotokea juu walikuwa wamepita ukungu wote. Chini yao mawingu yalifunika Uganda na Kongo pia, na kilele cha jirani tu ndicho kilichochomoza.

Bendera ya malkia ilisimamishwa hapo, na kilele kikaitwa Margherita. Kile cha jirani, mita 5091, kilipewa jina la Alexandra, malkia wa Uingereza na mke wa Edouard, yule mwenye ziwa. Duke aliendelea kwa wiki kadhaa, akapanda vilele zaidi ya kumi na kuchora ramani ya kwanza ya kuaminika. Familia yake aliitawanya mlima mzima: Elena, mke wa mfalme mpya, Iolanda, binti yao, na Umberto, mfalme aliyeuawa, ambaye kilele chake kiko kwenye mlima Emin. Mlima mmoja aliupa jina la Mwingereza Joseph Thomson. Chama cha wanajiografia cha London kilikataa, kikataka uitwe Luigi wa Savoia, jina lake mwenyewe, na ndivyo ulivyo kwenye ramani hadi leo.

Mwaka ule wa 1906 Kongo ilikuwa bado mali binafsi ya Léopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji ambaye hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1910, baada ya Léopold kufariki, Waingereza na Wabelgiji walikata mpaka, na mstari ukapitishwa juu ya Margherita. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta wengine Uganda, wengine Kongo. Kisha Wabelgiji wakaifungua njia ya upande wetu: kutoka Mutwanga, kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, hadi kwenye barafu. Katika miaka ya 1970 Mobutu alifuta majina ya Wazungu. Ziwa Albert likawa Mobutu Sese Seko, ziwa Edouard likawa Idi Amin, mlima Stanley ukaitwa Ngaliema. Margherita aliponea. Leo wageni wengi wanaopanda mlima huu wanapandia Uganda, kwa kuwa upande wa Beni waasi wa ADF wamewatoa watu mashambani na kuwaua kwa miaka mingi, na wakaaji wa maeneo ya Mutwanga wamekimbia zaidi ya mara moja wakiuacha mlima nyuma yao.

Kwa Duke mwenyewe, mwaka uliofuata ulileta jambo ambalo ujasiri wa mlimani haukumsaidia. Mwaka 1907 alikwenda Marekani na meli za vita za Italia, akakutana na Katherine Elkins, binti wa seneta tajiri wa West Virginia. Alitaka kumwoa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliwafuata kwa miaka, leo yakitangaza harusi, kesho yakiikanusha. Binti hakuwa wa damu ya kifalme, na ukoo wa Savoia haukukubali. Magazeti yalimtaja Margherita kati ya waliopinga kwa nguvu zaidi. Mtu aliyempandisha malkia juu ya mawingu ya Afrika hakupata ruhusa ya kuoa mwanamke aliyemchagua. Katherine aliolewa na Mmarekani mwaka 1913. Duke hakuoa kamwe.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1909, alikwenda Karakoram kujaribu K2. Mlima ulimkatalia, ingawa mgongo aliojaribu kupandia unaitwa Abruzzi na ndio njia ya wengi hadi leo. Kwenye mlima wa jirani, Chogolisa, alifika karibu mita 7500 kabla ya ukungu kumrudisha, na kwa miaka 13 hakuna mtu aliyepanda juu kuliko hapo.

Vita Kuu ilipofika aliongoza meli zote za kivita za Italia. Meli hizo zilishiriki kuwaokoa askari wa Serbia zaidi ya laki moja, waliokuwa wakifa kwa njaa kwenye pwani ya Albania. Hata hivyo lawama zilikuwa nyingi, na mwaka 1917 aliondolewa.

Akachagua Afrika tena. Mwaka 1920 alianzisha kampuni ya kilimo nchini Somalia, kando ya mto Shebelle: boma la maji, mifereji, pamba, miwa, ndizi, na kijiji kilichopewa jina lake. Mji huo leo unaitwa Jowhar. Lilikuwa shamba la kikoloni, kwenye ardhi ya Wasomali na kwa jasho lao, na tatizo la kampuni tangu mwanzo lilikuwa kupata watu wa kukubali kuifanyia kazi kwa masharti yake. Yeye mwenyewe alifika Ethiopia mwaka 1928 kutafuta chanzo cha mto uliomwagilia mashamba yake.

Saratani ilipomshika alikuwa Italia. Madaktari hawakuwa na la kufanya. Wengine wangebaki kwenye majumba ya ukoo wao, pamoja na maaskofu na ndugu. Yeye alipanda meli kurudi Somalia, akafika akiwa amedhoofika, na kufariki kijijini tarehe 18 Machi 1933, akiwa na miaka 60. Alizikwa hukohuko, jinsi alivyotaka, mbali na makaburi ya wafalme wa Savoia.

Miaka 13 baadaye, mwezi wa Juni 1946, Waitalia walipiga kura na kuukataa ufalme. Wanaume wa ukoo huo waliotarajiwa kurithi kiti walikatazwa kukanyaga Italia hadi mwaka 2002. Majina yao yakabaki Ruwenzori, juu ya barafu ambayo nayo inaondoka. Wakati wa Duke ilifunika karibu kilomita za mraba 7, na picha za Sella ndizo zinazotumika kupimia kilichopotea. Leo haifiki hata moja.