Padre Stefano Kaoze, Mtu Aliyeamini Kwamba Anaweza Kujifunza

Katika vilima vya Butembo na katika nchi ya Beni, wako watu wazima wengi wanaofika kwenye mafundisho ya ukatekumeni wakiwa na hofu moyoni. Hawaogopi njia ndefu wala mvua. Wanaogopa kitabu. Mtu amelima miaka mingi, amelea watoto, amejenga nyumba, lakini akipewa katekisimu mkononi anasema kichwa chake ni kigumu, na ya kuwa mambo ya kusoma ni ya watu wengine. Tena analisema neno hilo kabla ya kujaribu. Kwa ajili ya watu hao ni vema kuyakumbuka maisha ya Padre Stefano Kaoze, mwana wa Kongo, aliyefariki mwaka wa 1951.

Stefano Kaoze alizaliwa yapata mwaka wa 1886 katika nchi ya Marungu, mbali sana upande wa kusini, karibu na Ziwa Tanganyika. Siku zile nchi hiyo ilikuwa katika taabu kubwa. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa wamepita humo, wakachoma vijiji na kuwachukua watu. Wamisionari waitwao Mapadre Weupe walikuwa wamefika Mpala, kandokando ya ziwa, mwaka wa 1885, na watu wengi walikimbilia kwao kutafuta usalama. Katika nchi ya namna hiyo mtoto hakufikiri habari za vitabu. Alifikiri tu namna ya kuwa hai mpaka kesho.

Kaoze alipelekwa shuleni, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa. Karibu na mwaka wa 1899 aliingizwa katika kundi dogo la vijana waliochaguliwa na Askofu Victor Roelens, Mbelgiji, ili wajaribu masomo ya upadre. Hapo ndipo ulipoanza mlima wenyewe. Vijana hao walipaswa kujifunza Kifaransa, na baada yake Kilatini, lugha ambayo hawakupata kuisikia kwa mama zao wala sokoni, wala kwa msafiri yeyote. Ilikuwa lugha ya vitabu na ya Misa tu. Tena hapakuwa na ndugu mkubwa aliyetangulia, wa kuwaambia kwamba njia hiyo inapitika.

Siku hizo Wazungu wengi walishuku kama Mwafrika aweza kufika mwisho wa masomo hayo. Walikubali kwamba aweza kusoma kidogo, kuhesabu kidogo, na kufanya kazi ya mikono. Lakini falsafa, teolojia na sheria za Kanisa, waliona ni mzigo usiomfaa. Shaka hiyo ilikuwa kama ukungu: iliingia kila mahali. Tena hatari yake kubwa haikuwa katika vinywa vya wageni. Ilikuwa katika mioyo ya vijana wenyewe. Maana mtu akiambiwa kila siku kwamba hawezi, mwishowe aweza kusadiki. Na akiisha kusadiki, kosa lake dogo la leo analihesabu kuwa ushahidi, wala si kosa tena. Mwenye kuamini kwamba anaweza, akikosea neno moja la Kilatini, hulitafuta neno lile. Mwenye kuamini kwamba hawezi, akikosea neno lile lile, hukifunga kitabu. Wote wawili wamekosea sawasawa, lakini kesho yao si moja.

Wenzake wengi Kaoze waliiacha njia ile. Haifai kuwadharau, kwa kuwa si kila mtu ameitwa kuwa padre, na wengi wao walikuwa waalimu na baba wa jamaa wa kusifiwa. Lakini Kaoze aliendelea. Ilipofika zamu ya falsafa, alijikuta mwanafunzi wa peke yake mbele ya mwalimu wake, Padre Auguste Huys. Hapakuwa na mwenzake wa kumwuliza jioni somo lilisema nini, wala wa kushindana naye, wala wa kucheka pamoja naye walipokosea. Kila asubuhi aliketi, akafungua kitabu, akaanza tena pale alipoachia jana. Imani yake haikuwa ya kujivuna. Mwenye kujivuna husema anajua tayari, kwa hiyo hafundishiki. Kaoze alijua kwamba hajui, lakini alisadiki kwamba akili aliyopewa na Mungu si ndogo kuliko akili ya watu wengine, na ya kuwa akiifanyia kazi itazaa.

Tena hakuwa bila msaada. Askofu Roelens alikuwa mtu mkali, mwenye kudai mengi na kungoja muda mrefu kabla ya kumpa mtu madaraka. Lakini hakuliacha jambo hili, na Padre Huys hakuchoka kumfundisha mwanafunzi mmoja kama kwamba ni darasa zima. Basi ni lazima kusema kweli yote: mtu hujiamini kwa urahisi zaidi akiwa na mtu mwingine aliyemwamini kwanza. Mzazi anayemwita mtoto wake mpumbavu mbele ya watu anamvunjia mguu kabla ya safari. Mwalimu anayempa mwanafunzi somo gumu na kungoja ajibu, anamwambia pasipo maneno kwamba jibu limo ndani yake.

Matunda yalianza kuonekana kabla ya upadirisho. Padre Arthur Vermeersch, Myezuiti wa Ubelgiji, alisaidia kuyachapisha maandiko ya Kaoze katika gazeti moja la huko Ubelgiji, kuanzia mwaka wa 1910. Kaoze aliandika kwa Kifaransa habari za akili, nia na mwenendo wa Wabantu. Maandiko hayo huhesabiwa kati ya yale ya kwanza kabisa yaliyochapishwa kwa Kifaransa na mtu wa Kongo. Mtazameni kijana huyo: alikuwa bado mseminari, na watu walikuwa bado wanabishana kama Mwafrika anaweza kufikiri mambo ya ndani. Hakushika fimbo, hakupiga kelele. Aliandika kuhusu fikara za watu wake, na maandiko yenyewe yakawa jibu.

Hata hivyo alingoja bado. Vita Kuu ya kwanza ilifika mpaka Ziwa Tanganyika, ikawatia watu katika mashaka na njaa. Ndipo tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, mahali paitwapo leo Kirungu, karibu na Moba, Askofu Roelens alimpa Stefano Kaoze sakramenti ya Daraja. Zamani sana, katika ufalme wa Kongo upande wa bahari ya magharibi, walikuwako mapadre Waafrika. Lakini katika nyakati hizi mpya Kaoze ndiye Mkongomani wa kwanza kuwa padre. Masomo yake yalikuwa yamedumu miaka 18 hivi. Katika miaka hiyo mtoto huzaliwa akawa kijana, na mti uliopandwa hutoa matunda mara nyingi.

Baadaye Padre Kaoze alimsindikiza Askofu wake mpaka Ulaya. Alirudi, akafanya kazi ya kufundisha na kuhubiri. Mwaka wa 1933 alikabidhiwa misioni ya Kala, akaiongoza pamoja na mapadre Waafrika wenzake. Jambo hilo nalo lilikuwa la kwanza, nalo pia lilikuwa na watu wenye shaka. Baada ya Vita Kuu ya pili aliitwa kuketi katika mabaraza ya serikali ya wakati ule, kusema habari za watu wa nchi. Alifariki huko Albertville, mji uitwao leo Kalemie, mwaka wa 1951.

Kazi ya mtu mmoja haikuishia kwake. Baada ya Kaoze, kijana wa Kongo aliyeingia seminari hakuuliza tena kama jambo hili linawezekana. Aliuliza tu lifanywe namna gani. Hata katika nchi ya Beni, walikofika Mapadre Waasumpsio mwaka wa 1929, mambo yalifuata njia hiyo. Mwaka wa 1966 Emmanuel Kataliko, mwana wa nchi hii, aliwekwa kuwa Askofu wa Beni, jimbo liitwalo leo Butembo-Beni. Na mwaka wa 1989, katika siku zake, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo. Watu wazima waliouona mji huo ukiwa na vibanda vichache waliwaona watoto wao wakijifunza humo uganga na sheria.

Basi msomaji anayeishika katekisimu na kutetemeka, na amtazame Kaoze. Mtu apandaye kilima na mzigo wa maharagwe hatazami kilele kila mara. Hutazama mahali pa kuweka mguu. Na ajifunze leo swali moja na jibu lake. Akisahau, na arudie kesho, bila kujitukana. Na aliye mzazi, au mwalimu, au msimamizi wa ubatizo, na achunge sana ulimi wake, asije akamfungia mwenzake mlango ambao Mungu mwenyewe ameuacha wazi. Yeye aliyemwita mtu asikie Neno lake, amempa pia akili ya kulifahamu. Kudharau akili hiyo si unyenyekevu. Unyenyekevu ni kuipokea kwa shukrani na kuifanyia kazi kila siku, kama alivyofanya Stefano Kaoze, aliyeketi peke yake mbele ya kitabu, akafungua tena ukurasa wa jana.