Sayyid Barghash na Wakali wa Dini

Wanafunzi wa historia ya pwani humjua Sayyid Barghash bin Said kwa majumba yake ya Unguja, kwa maji safi aliyoyafikisha mjini humo, na kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa. Hayo ni kweli, wala si ya kupuuzwa. Lakini mkaazi wa kisiwa cha Mombasa, apitaye chini ya kuta za Ngome ya Yesu akielekea Mji wa Kale, ana haki ya kumtazama mfalme huyo kwa jicho jingine. Huyu ni mtu aliyeanza maisha yake kwa uasi, akapanda kitini akiungwa mkono na wakali wa dini, kisha akazeeka akiwaogopa watu wa dini.

Alizaliwa karibu na mwaka 1837, mwaka ambao baba yake, Sayyid Said bin Sultan, aliitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui. Wakubwa wa ukoo huo walikamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, ambako wengi wao walifia. Sayyid Said naye alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, Barghash akiwa naye chomboni. Kijana alijaribu kuwahi kiti cha Unguja kabla ya nduguye Majid, asifanikiwe. Mwaka 1859 aliasi waziwazi, akisaidiwa na Waarabu wa Kiharthi na hata na dada yake Salme, aliyemwandikia barua za siri. Waasi walijifungia katika shamba la Marseilles nje ya mji, na mizinga ya Waingereza ndiyo iliyowatoa. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko takriban miaka miwili.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani vitabu vya shule hupita hapa mbio. Ukoo wa kifalme ulikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, na mafundisho ya Ibadhi yanasema kwamba kiongozi wa Waislamu ni imamu anayechaguliwa na wanavyuoni kwa elimu na uchaji wake, si mtoto anayerithi kiti cha babake. Sayyid Said hakupata kuchaguliwa imamu hata siku moja. Basi ndani ya dini yenyewe ya mfalme mlikuwa na hoja ya kumwondoa mfalme.

Hoja hiyo ilipata wapiganaji mwaka 1868. Huko Oman, watu walioitwa Mutawa, waliojitwika kazi ya kusimamia sheria ya dini bila ya kulegeza, walimtoa Sayyid Salim bin Thuwaini pale Maskati na kumweka Azzan bin Qais kuwa imamu. Mwanachuoni Said bin Khalfan al-Khalili ndiye aliyekuwa nguzo ya utawala huo. Tumbaku na ngoma zikapigwa marufuku. Unguja pia walikuwako Mutawa, nao walimtazama Barghash kama mtu wao. Majid alipofariki Oktoba 1870 na Barghash akatawala, walikuwa karibu naye, na siku zile za mwanzo aliwakatalia Waingereza waliyoyataka katika jambo la utumwa.

Urafiki huo haukudumu. Mwezi wa Januari 1871 Imamu Azzan aliuawa vitani na majeshi ya Turki, nduguye Barghash, na Barghash akawaweka Mutawa kando. Kwa maoni yangu hakuwa amebadili imani yake. Alikuwa amekalia kiti, na kiti kina macho yake. Tena mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu, na mfalme aliyepungukiwa na fedha hawezi kumkabili Mwingereza.

Mombasa ilishuhudia matokeo yake Januari 1875. Muhammad bin Abdallah Bakhashweni, akida wa askari wa Ngomeni, alimwasi Sultani, akajifungia ndani ya kuta zile. Uasi wake ulikuwa wa askari na cheo, si wa dini. Manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga Ngome kwa niaba ya Barghash mpaka akida akasalimu amri. Mizinga ya taifa lile lile iliyomtoa Barghash katika uasi wake sasa ilimtolea yeye mwasi wake. Walimu wa fasihi wanao Utenzi wa Al-Akida wa Abdallah bin Masud al-Mazrui kwa kisa hiki, nao wafaa kusomeshwa bega kwa bega na somo la historia.

Akida alikuwa na bunduki. Aliyemsumbua zaidi mfalme alikuwa na kalamu. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1825, aliondoka utotoni pamoja na wazazi wake kwenda Makka baada ya ukoo wao kuanguka. Alirejea akiwa mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, akawa kadhi katika enzi ya Majid. Darasa zake na maandishi yake yaliyapinga madhehebu ya Ibadhi, na wako Maibadhi waliohama kwa sababu yake. Machoni pa Sultani, kuhama madhehebu kulikuwa ni kuhama utii, hasa mhubiri akiwa Mmazrui na mji ukiwa Mombasa. Mwenyewe Barghash alikuwa ameleta mtambo wa chapa Unguja na kuchapisha vitabu vya Kiibadhi, hivyo alijua vyema nguvu ya maandishi.

Mwaka 1887 alimfunga. Mwaka huo huo, tarehe 24 Mei, alitia saini hati iliyowapa Waingereza wa William Mackinnon kuiendesha pwani kuanzia Umba hadi Kipini, Mombasa ikiwa katikati. Mgeni alikabidhiwa mji, na sheikh wa mji akakabidhiwa pingu. Sijaona mwaka mwingine katika maisha ya Barghash unaomweleza kwa ufupi kama huo.

Alifariki Machi 1888. Nduguye Khalifa alimfungua Sheikh Ali, naye akaendelea kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1894, akiacha mtoto mdogo aitwaye al-Amin. Mtoto huyo alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937.