Michel Eugène Chevreul: Mtu Aliyefumbua Siri ya Sabuni

Katika somo lililopita tuliona kwamba maji peke yake hayawezi kuondoa mafuta mikononi. Tuliona pia kwamba sabuni huyaondoa upesi. Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza mafuta na sabuni, hata akatueleza sabuni ni kitu gani.

Sabuni ya nyumbani

Tandale ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Nyumba zake zimesongamana, na Mto Ng'ombe hupita katika eneo hilo. Mvua kubwa zinaponyesha, maji ya mto hufurika na kuingia majumbani pamoja na uchafu wa kila aina. Mwaka 2015 ugonjwa wa kipindupindu ulizuka Dar es Salaam, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata wagonjwa. Mahali kama hapo sabuni ni kinga ya maisha.

Katika mitaa ya namna hii wapo watu, hasa akina mama, wanaojifunza kutengeneza sabuni majumbani. Huchukua mafuta ya nazi au ya mawese, wakayachanganya na maji yaliyotiwa magadi makali yaitwayo kostiki soda, kisha wakatia manukato ya karafuu, mchaichai au mlangilangi. Sabuni nyingine hutumiwa nyumbani, na nyingine huuzwa.

Kazi hiyo huonekana rahisi, lakini ina hatari yake. Mtengenezaji akizidisha magadi, sabuni huunguza ngozi. Akiyapunguza mno, mafuta mengi hubaki bila kugeuka sabuni, na baada ya muda huchacha. Je, atajuaje kipimo kilicho sawa? Jibu la swali hilo lilianza kupatikana katika mji wa Paris, nchini Ufaransa, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mtu aliyelitafuta ni Michel Eugène Chevreul. Jina lake la mwisho hutamkwa karibu na Shevrel.

Utoto wake

Chevreul alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1786, katika mji wa Angers, magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mganga aliyefundisha elimu ya tiba. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa karibu miaka mitatu, mapinduzi makubwa yalitokea nchini mwake. Mfalme aliondolewa, watu wengi waliuawa, na masomo ya watoto yalivurugika. Kwa sababu hiyo Chevreul alipata masomo yake ya kwanza nyumbani.

Mwaka 1803, akiwa kijana wa miaka 17, alikwenda Paris kusoma kemia. Kemia ni elimu ya kuchunguza vitu vimefanyizwa kwa nini, na jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Mwalimu wake alikuwa Louis-Nicolas Vauquelin, mtoto wa mkulima maskini aliyeinuka kwa juhudi zake hadi kuwa mtaalamu mashuhuri. Kwa mwalimu huyo Chevreul alijifunza kufanya kazi kwa utaratibu, kupima kila kitu kwa mizani, na kutoamini jambo lolote mpaka amelijaribu.

Kipande cha sabuni

Wakati ule watu walikuwa wamekwisha tengeneza sabuni kwa maelfu ya miaka. Wengine walichemsha mafuta ya wanyama pamoja na maji ya majivu. Katika mji wa Marseille, kusini ya Ufaransa, walitumia mafuta ya zeituni. Hata hapa Afrika Mashariki watu walitengeneza sabuni laini kwa mafuta na majivu, kama vile majivu ya maganda ya ndizi. Mwaka 1791 Mfaransa mwingine, Nicolas Leblanc, alipata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Njia hiyo ilisaidia magadi ya kutengenezea sabuni yapatikane kwa wingi.

Hata hivyo, hakuna aliyejua kwa hakika jambo linalotukia ndani ya sufuria. Wengi walidhani kwamba mafuta na magadi hushikamana tu, kama unga na maji yanavyoshikamana katika donge la ugali. Fundi alitegemea mazoea na bahati. Sufuria ya leo ilitoa sabuni nzuri, na ya kesho ikaharibika bila yeye kujua sababu.

Mwaka 1811 Chevreul alipewa sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe ili aichunguze. Aliichanganya na maji mengi, na baada ya muda akaona vipande vidogo vyeupe vilivyometameta kama lulu. Chevreul hakuvipuuza vipande hivyo. Alivitenga, akavisafisha, akavitia asidi, na mwishowe akapata kitu ambacho hakikuwa mafuta ya mwanzo wala magadi. Kilikuwa kitu kipya chenye tabia ya asidi. Alikipa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lulu. Miaka mingi baadaye wataalamu wengine waligundua kwamba kitu hicho kilikuwa mchanganyiko wa asidi mbili. Hivyo ndivyo sayansi inavyoendelea: mmoja huanza, na mwingine husahihisha.

Miaka 12 ya kazi

Baada ya hapo Chevreul aliendelea kuchunguza mafuta ya namna nyingi, kama vile ya ng'ombe, ya kondoo, ya nguruwe, na siagi. Alipima kila kitu kabla ya jaribio na baada yake. Alipotaka kujua kama kitu alichokipata ni safi, alikipasha moto na kuangalia kilianza kuyeyuka katika joto gani. Kitu safi huyeyuka katika joto lile lile kila mara. Kazi hiyo ilimchukua miaka 12. Mwaka 1823 alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza yote aliyoyaona.

Jambo kuu alilolionyesha ni hili. Mafuta yamefanyizwa kwa sehemu mbili zilizounganika: asidi za mafuta na gliserini. Magadi yanapokutana na mafuta, muungano huo huvunjika. Asidi za mafuta hushikana na magadi, zikawa sabuni. Gliserini hubaki peke yake. Hiyo ni maji mazito na matamu, ambayo Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alikuwa ameyatambua katika karne ya 18, naye Chevreul akayapa jina la gliserini. Leo gliserini hutiwa katika mafuta mengi ya kupaka kwa sababu huvuta unyevu na kulainisha ngozi.

Chevreul aliona pia jambo la ajabu. Alipopima asidi za mafuta pamoja na gliserini, uzito wake ulizidi kidogo ule wa mafuta aliyoanza nayo. Kumbe maji nayo yalikuwa yamejiunga katika mabadiliko hayo. Bila mizani jambo hilo lisingeonekana.

Harufu mbaya na harufu nzuri

Sote tunajua kwamba siagi iliyokaa siku nyingi hutoa harufu kali. Chevreul alitaka kujua harufu hiyo hutoka wapi. Ndani ya siagi alipata asidi za mafuta zinazoweza kuruka hewani kama mvuke, nazo ndizo zinazonuka zinapoachana na gliserini. Mbili kati ya hizo alizipa majina yaliyotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya beberu.

Jambo hili lina faida kwa mtengenezaji wa sabuni. Mafuta yaliyochacha hutoa sabuni mbaya, na manukato hayawezi kuificha harufu yake kwa siku nyingi. Basi anayetaka sabuni inayonukia vizuri na aanze kwa mafuta mapya na safi.

Manukato nayo ni mafuta, ila ni ya namna nyingine. Mafuta ya nazi hayakauki upesi, lakini mafuta ya manukato huruka hewani, ndiyo maana tunayasikia puani. Huko Pemba, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda cha mafuta ya karafuu. Hapo makonyo na majani ya mkarafuu hupitishwa katika mvuke wa maji. Mvuke huchukua mafuta ya karafuu, kisha hupozwa na kurudi kuwa maji, na mafuta yakajitenga. Kwa kuwa joto huyarusha manukato, fundi wa sabuni huyatia mwishoni, mchanganyiko ukiwa umepoa. Tena hutia kidogo tu, kwani mafuta ya karafuu yakizidi huwasha ngozi.

Kazi zake nyingine

Ujuzi wa Chevreul ulisaidia katika mambo mengine pia. Zamani maskini waliwasha mishumaa ya mafuta ya ng'ombe, iliyotoa moshi na kunuka. Mwaka 1825 Chevreul na mwenzake, Joseph Louis Gay-Lussac, walipata hati ya kumiliki njia ya kutengeneza mishumaa kwa asidi za mafuta. Biashara yao wenyewe haikustawi, lakini wengine waliiendeleza, na mishumaa myeupe isiyonuka ikaenea.

Mwaka 1824 Chevreul aliwekwa kuwa msimamizi wa rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, mjini Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Chevreul aliipima rangi na kuona haina kasoro. Kosa lilitokana na macho, kwa sababu rangi moja huonekana tofauti ikiwekwa karibu na nyingine. Mwaka 1839 alitoa kitabu juu ya jambo hilo.

Uzee wake

Chevreul hakuacha kusoma. Alipenda kujiita mwanafunzi mkongwe kuliko wote katika Ufaransa. Mwaka 1870 majeshi ya Wajerumani yaliuzingira mji wa Paris. Mzee huyo, mwenye umri wa miaka 84, alikataa kuondoka katika makumbusho ya viumbe aliyokuwa akiyaongoza. Mwaka 1886 nchi yake ilisherehekea miaka 100 ya kuzaliwa kwake, naye alikuwa angali akifanya kazi.

Alifariki tarehe 9 Aprili, 1889, akiwa na umri wa miaka 102. Siku chache kabla ya kifo chake mnara wa Eiffel ulizinduliwa mjini Paris. Juu ya mnara huo yameandikwa majina ya wataalamu 72 wa Ufaransa, na jina la Chevreul ni mojawapo.

Faida ya kazi yake kwetu

Chevreul hakuwahi kufika Tandale, lakini kazi yake imefika. Kwa kuwa alionyesha kwamba kila aina ya mafuta ina asidi zake, wataalamu waliomfuata waliweza kupima magadi yanayohitajiwa na kila aina. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji kostiki soda gramu 180 hivi. Kilo 1 ya mafuta ya mawese huhitaji gramu 140 hivi. Anayetumia kipimo cha nazi kwa mafuta ya mawese atapata sabuni ya kuunguza ngozi, hata akiitia manukato mazuri namna gani. Fundi mwangalifu hupima mafuta na magadi kwa mizani, huyapunguza magadi kidogo chini ya kipimo, kisha huiacha sabuni ikauke kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuitumia.

Leo tunajua pia namna sabuni inavyosafisha. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili. Moja hushika maji, na nyingine hushika mafuta. Tunaponawa, chembe hizo huyazunguka mafuta pamoja na vijidudu vilivyonasa humo, na maji huvichukua vyote. Manukato hupendeza, lakini hayafanyi kazi hiyo.

Onyo

Kostiki soda huunguza ngozi na kupofusha macho. Watoto wasiiguse kamwe. Mtu mzima anayeitumia lazima avae miwani na mipira ya mikono, naye huitia magadi ndani ya maji, wala hamimini maji juu ya magadi. Ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi, kisha apelekwe hospitali.

Majaribio

1. Tieni maji nusu katika chupa, kisha mwongeze kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Tikiseni, halafu mwiache chupa itulie. Mnaona nini? Sasa ongezeni vipande vidogo vya sabuni, mtikise tena. Kuna tofauti gani?

2. Tieni maua makavu ya asumini au ya mlangilangi katika kikombe cha mafuta safi ya nazi. Kifunikeni na kukiacha kivulini kwa siku 7, kisha mchuje. Nuseni mafuta hayo, na mlinganishe na yale yasiyotiwa maua. Harufu ya maua imekwenda wapi?

Maswali

1. Chevreul alizaliwa wapi, na katika mwaka gani?
2. Mafuta yamefanyizwa kwa sehemu gani mbili?
3. Kwa nini mizani ilikuwa muhimu katika kazi ya Chevreul?
4. Kwa nini manukato hutiwa sabuni ikiwa imepoa?
5. Mama mmoja ametengeneza sabuni kwa mafuta yaliyochacha, akaitia mafuta mengi ya karafuu. Elezeni makosa yake mawili.