LORD SHAFTESBURY, MTETEZI WA WATOTO WA VIWANDANI

Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa kwaya alituuliza kama ubepari ni mbaya kwa asili yake, au ni mwema ila watu wabaya wanautumia vibaya. Swali hilo ni zito, wala hatukumjibu upesi. Leo tunaleta habari za Mkristo mmoja wa Kanisa la Uingereza ambaye alipambana na jambo hilo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Anthony Ashley Cooper alizaliwa London tarehe 28 Aprili, 1801, katika ukoo wa makabaila. Wazazi wake walikuwa na mali nyingi, lakini upendo kwa watoto wao ulikuwa haba. Aliyempenda na kumfundisha kusali ni mtumishi wa nyumba yao, Maria Millis. Mama huyo alipofariki alimwachia saa yake, naye Ashley aliitunza na kuitumia mpaka uzeeni.

Mwaka 1826 aliingia Bungeni. Siku zile Uingereza ilikuwa ikitajirika kwa viwanda vya pamba na sufu, na ndani yake watoto wadogo walifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku. Mapema mwaka 1833 Kasisi George Bull alitoka Yorkshire kwenda London kutafuta mbunge wa kuwatetea, kwa sababu mtetezi wao, Michael Sadler, alikuwa ameshindwa katika uchaguzi. Ashley hakujua mengi juu ya viwanda. Alisali, akashauriana na mkewe Emily, akaikubali kazi.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyokataza watoto wa chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, na ikaweka wakaguzi wanne. Lakini saa kumi za kazi alizoziomba Ashley zilikataliwa. Mwaka 1842 taarifa ya tume aliyoidai ilionyesha, pamoja na picha, jinsi watoto walivyoketi gizani kufungua milango ya machimbo ya makaa ya mawe, na wanawake walivyokokota magari ya makaa kwa kutambaa. Nchi nzima iliona haya. Sheria ya mwaka huo ilikataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi.

Wenye viwanda walimjibuje? Walisema saa zikipunguzwa wataanguka. Mtaalamu wa uchumi, Nassau Senior, alidai kwamba faida yote hupatikana katika saa ya mwisho ya kazi. Wengine walimwambia atazame kwanza nyumbani kwake, ambako vibarua wa mashamba ya baba yake walilipwa ujira wa njaa na kulala katika vibanda vibovu. Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Mwaka 1843 alisema hadharani juu ya hali ya vibarua, na baba yake akakasirika. Aliporithi mashamba hayo mwaka 1851, pamoja na jina la Lord Shaftesbury, aliyakuta yana madeni. Hata hivyo alikopa ili ajenge nyumba za wafanyakazi.

Hapa tumwangalie mtu mwingine, John Fielden, mbunge aliyekuwa mwenye viwanda vikubwa vya pamba huko Todmorden. Yeye mwenyewe alitaka saa zipunguzwe. Basi kwa nini hakuzipunguza kwake na kunyamaza? Kwa sababu tajiri mwema akifunga mapema wakati jirani yake anaendelea, nguo zake zitakuwa ghali, naye atashindwa sokoni. Huruma ya mtu mmoja haikutosha; ilihitajika sheria inayowafunga wote, mwema na mchoyo pamoja. Ashley alipokuwa nje ya Bunge, Fielden ndiye aliyeufikisha mwisho mswada wa saa kumi, mwaka 1847, kwa wanawake na vijana. Viwanda havikuanguka, viliendelea kukua.

Lord Shaftesbury hakuwa mjamaa. Aliuogopa ujamaa, na hata kuwapa maskini wengi kura hakukupenda. Aliamini kwamba mali ya mtu binafsi ni halali. Lakini kazi yake inatufundisha zaidi ya aliyoyasema. Kama kasoro ingekuwa katika mioyo ya wachache tu, mahubiri yangetosha. Kumbe hata wema walisukumwa na ushindani wawatumikishe watoto. Kwa hiyo sisi tunamjibu kijana wetu hivi: biashara ya kutafuta faida ina kasoro ndani yake yenyewe, maana haijiwekei mpaka, ila kasoro hiyo yaweza kuzuiwa, kama watu watakubali kuweka mpaka na kuulinda. Pasipo mlinzi inarudi. Watoto waliopanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha walitungiwa sheria mara kadhaa, zikapuuzwa, mpaka ile ya mwaka 1875.

Alifariki tarehe 1 Oktoba, 1885. Ibada ya mazishi ilifanyika Westminster Abbey, na maskini wa London walijipanga barabarani kumwaga.

Tumalizie na kwetu. Katika miaka yetu ya kufundisha tuliona madawati matupu kila msimu wa kuvuna kahawa. Tuliwalaumu wenye mashamba. Lakini siku moja, tukikagua mavuno katika shamba letu sisi wenyewe, tulimkuta mwanafunzi wetu ana kikapu mkononi, na ujira tuliompa ulikuwa kama wa wengine wote. Hatukuwa na moyo mbaya. Tulifuata bei ya majirani. Tangu siku ile tunajua kwamba swali la kijana yule linatuhusu na sisi. Kila mmoja wetu mwenye msichana wa kazi au kibarua, na ajiulize kabla ya kwenda mezani pa Bwana.